Mkono wa Fundi Brashi

“Hivi jirani, yule binti yako anasomea herufi? Si sote tulizimaliza herufi darasa la kwanza?”

Aliyeuliza ni Mama Mapacha wa nyumba ya pili. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, akimtazama Mama Brashi anavyonyunyizia maji shati la mtu kabla ya kulipitishia pasi. Hakuuliza kwa ubaya. Ila wapo watu ambao swali lao, hata likitoka bila sumu, huacha mwiba.

Mama Brashi aliipeleka pasi mpaka kwenye kola, akairudisha. “Anasomea usanifu,” alisema. “Kuna kuchora, kuna matangazo, kuna na biashara humohumo. Herufi ndiyo kazi yake ya kumalizia chuo.”

“Haya. Wangu angeniletea habari hizo ningemwambia akanisalimie mwalimu wake wa chekechea.”

Wakacheka wote wawili, jirani akaenda zake na ndoo yake. Mama Brashi akabaki na pasi, na moyoni alijua kwamba kama angeulizwa swali moja zaidi asingekuwa na la kujibu. Shule yake iliishia darasa la saba. Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, mwaka na nusu sasa, alikuwa anafua na kupiga pasi nguo za watu ili binti asome. Anachosoma alikuwa amemwachia Mungu na walimu.

Binti mwenyewe mtaani walimwita Nukta. Baba yake ndiye aliyempachika jina hilo. Alizaliwa wakati wazazi wameshakata tamaa, na baba akasema sentensi yao sasa imepata nukta, hakuna cha kuongeza. Na kweli hapakuongezeka kitu.

Baba huyo alikuwa mchora mabango, na jina la Fundi Brashi lilimkaa mpaka mkewe naye akalibeba. Mjini pale hapakuwa na mtaa usio na ukuta wake. Kinyozi alikuwa na maandishi yake, duka la dawa, shule, kliniki, mpaka mlango wa nyumba ya ibada. Mafundi wengine huanza kuandika upande wa kushoto, na wakifika kulia nafasi imekwisha, herufi zinabanana kama kuni kwenye mzigo. Yeye alizihesabu kwanza, akaitafuta ile ya katikati, akaichora hiyo, kisha akaenda nazo huku na huku mpaka kwenye kingo. Kabla ya herufi ya kwanza alikuwa anagusisha mpini wa brashi kwenye paji la uso, anamtaja Mungu wake, ndipo anapanda ngazi. Herufi zake zilikuwa na matumbo manene na shingo nyembamba, na zile zenye mkia, mkia wake ulijikunja kama wa paka aliyekaa.

Tena alikuwa na mwiko. Pombe hakuandika. Kamari hakuandika. Waganga wa kutajirisha watu hakuwaandikia. Watu walimcheka, wakamwambia yeye ni fundi tu, dhambi ni ya mwenye duka. Naye alikuwa anajibu polepole, huku anafuta brashi kwa kitambaa: “Mdomo unaweza kusingizia hasira. Mkono uliopanda ngazi na kopo la rangi utasingizia nini?”

Basi jioni ile ile Nukta aliporudi, mama alimtengea chakula, akamwacha ale, halafu akamuuliza. Safari hii alitaka kuelewa.

“Nachukua herufi za baba, mama. Kila moja. Naziingiza kwenye kompyuta, nazisafisha, nazipanga. Zikishakaa sawa, mtu akibonyeza A, inatoka A ya baba. Akibonyeza M, inatoka M ya baba. Wao huita fonti.”

“Mtu yeyote?”

“Yeyote aliye nayo.”

“Kwa hiyo baba yako atakuwa anaandika bado.”

“Ndicho ninachokitaka, mama. Asikome.”

Mama aliinuka, akaingia chumbani, akarudisha mlango, akamshukuru Mungu kwa dakika chache alizozihitaji. Alipotoka alikuwa amebeba daftari la jalada gumu, lile ambalo marehemu alikuwa anachoreamo mifano ya kuwaonyesha wateja. Bado lilikuwa linanuka mafuta ya taa. Lilikuwa halijamtoka mkononi tangu mazishi, na sasa lilimtoka.

Daftari halikuwa na herufi zote. Kurasa nyingine zilikuwa zimeliwa na rangi, nyingine marehemu alikuwa amezichana akawapa wateja. Ikabidi wazunguke mji. Jumamosi nne walizunguka, mama na binti, Nukta na kamera ya chuo shingoni, mama na ngazi ya kuazima begani. Nukta akipanda, mama anashika ngazi chini, kama alivyokuwa anaishika miaka ile mume akiwa juu.

“Mama, G nzuri iko wapi? Hii imepasuka.”

“Nenda nyuma ya kile kiwanda cha mikate kilichofungwa. Aliiandika kwenye kivuli, jua halijaila.”

“Unazikumbuka zote?”

“Nilikuwa nashika ngazi, mwanangu. Anayeshika ngazi kazi yake ni kuangalia juu.”

B waliipata ukutani mwa kliniki ya watoto, kwenye maandishi ya chanjo, katika neno Bure. K waliitoa mlangoni mwa nyumba ya ibada, kwenye Karibuni. Mzee wa pale aliwaletea hata kiti. Njiani mama alikuwa anaongea kuliko alivyoongea mwaka mzima: hapa mvua ilimkuta juu akashuka amelowa rangi ya bluu mpaka masikioni, pale mwenye duka alimtaka aandike “bei poa” naye akamwambia kwanza uipoze hiyo bei. Nukta alicheka mpaka akakaa chini. Mama Brashi alihisi kama wamepewa siku nyingine na marehemu, nje ya zile alizokuwa amepangiwa.

Ikaja karatasi ya kusaini. Chuoni pale kila anayemaliza usanifu hana budi kufaulu na somo la biashara, na kulifaulu ni kumpata mteja wa kweli anayeichukua kazi yako. Mwalimu wa biashara, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alimweleza Mama Brashi vizuri. “Kazi isiyo na mteja hapa tunaiita pambo la chumbani. Sasa hizi herufi ni za marehemu, na wewe ndiye mrithi. Tunahitaji ridhaa yako.”

Mama Brashi hakuwa mtu wa kusaini gizani. Aliisoma karatasi yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akairudia tena. Hakuona baya. “Na mteja ni nani?” aliuliza.

“Bado hajapatikana. Binti anatafuta.”

Akasaini. Alikuwa ameuliza nani atachukua. Hakuuliza huyo atakayechukua ataandika nini. Haikumjia akilini kwamba lipo la kuulizwa. Katika maisha yake aliujua mkono huo mmoja, na mkono huo ulikuwa unajua wenyewe pa kukataa. Alidhani ukienda, na mwiko unafuata nyuma.

Siku ya maonyesho alivaa gauni lake la kutokea, alilolipiga pasi mara mbili. Ukumbi wa chuo ulikuwa umepakwa chokaa mpya, na kila mwanafunzi alikuwa na kona yake. Wa mitindo walikuwa na nguo kwenye masanamu yasiyo na vichwa. Wa habari walikuwa na luninga zinazoongea zenyewe. Kona ya Nukta ilikuwa mwisho, karibu na dirisha kubwa, na watu walikuwa wamejaa pale kuliko kona nyingine zote.

Kwanza aliona daftari, ndani ya sanduku la kioo, limefunguliwa kwenye ukurasa wa S. Machozi yakamlenga. Juu yake ukutani zilipangwa herufi zote, A mpaka Z, nyeusi, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, matumbo yale, shingo zile. Alisimama akazisoma zote kama anasalimia watu kwenye foleni.

Halafu akaona bango.

Lilikuwa la bati jipya, urefu wa kitanda, limeegemezwa pembeni ili wageni waone jinsi herufi zitakavyokaa mtaani. Rangi ya njano, maandishi mekundu. Mume wake aliandika:

Kesho yako imo mkononi. Beti leo.

Chini yake kulikuwa na picha ya simu inayomwaga noti.

K ile aliijua. B ile aliijua. Alisoma mara ya pili kwa kidole, hewani, midomo ikimchezacheza. Kijana mmoja wa kampuni ya kubeti, kadi imening’inia kifuani, alikuwa anawaambia wageni kwamba mtaani watu wanayaamini maandishi haya kwa sababu wameyaona tangu utotoni, shuleni, hospitalini, na kwamba uaminifu wa aina hiyo haununuliki. Wageni walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alisema aliyeyabuni ana jicho.

Nukta alimwona mama yake katikati ya watu, na tabasamu likampungua. Akaja haraka.

“Mama, umefika. Umekula?”

“Nionyeshe mwalimu wako alipo,” alisema Mama Brashi.

“Sasa hivi? Majaji wanakuja.”

“Sasa hivi, mwanangu.”

Ofisi ya mwalimu wa biashara ilikuwa na meza moja, viti vitatu na kabati la mafaili. Mwalimu alimsikiliza mama wa watu mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akavua miwani.

“Mama, nisikufiche. Njia ipo. Mauzo yanakamilika maonyesho yakifungwa kesho. Mpaka hapo, aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa. Karatasi yake hii hapa. Ukisaini, kazi inarudi kwenu na kampuni inaondoka mikono mitupu.” Akamtazama Nukta, akarudi kwa mama. “Lakini binti atakuwa hana mteja. Somo hili halifaulu, na bila somo hili hahitimu. Atarudia mwaka.”

“Hatuwezi kuwaambia wasiandike mambo ya kamari? Waandike mengine?”

“Fonti haichagui maneno, mama.”

“Mteja mwingine?”

“Mpaka kesho?” alisema Nukta. Alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. “Mama, unadhani sikuhangaika? Nilienda duka la vitabu. Nilienda kiwanda cha sabuni. Nilienda hospitali mbili. Wote walisifu, wote wakaniambia nirudi mwezi ujao. Hawa ndio waliosema ndiyo.”

“Na ulijua wanafanya nini.”

“Nilijua.”

“Na ulimjua baba yako.”

“Nilimjua,” alisema Nukta. “Nilimjua kuliko unavyofikiri. Nilikuwa darasa la nne. Yule mwenye baa alikuja nyumbani mara tatu, anambembeleza baba amwandikie ukuta mzima. Baba anakataa, anampa mkono, anamsindikiza. Mimi naenda shule na viatu vya baba vya zamani nimevijaza magazeti. Wenzangu walikuwa wananiita Matoroli kwa ukubwa wa viatu vile. Wewe ulikuwa unalia jikoni, mama. Nilikuona.”

Mwalimu aliangalia dirishani.

Mama Brashi aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyochubuka kwa sabuni. “Kuna ambalo hukuliona,” alisema. “Mara ya nne mwenye baa hakuja. Mimi ndiye niliyekwenda kwa baba yako. Nilimwambia, mtoto anachekwa. Nilimwambia, Mungu hakukupa mkono ili mwanao atembee na magazeti miguuni. Nilisema mengi, mengine ya kuumiza. Hakunijibu. Asubuhi akachukua ngazi na rangi akaenda, na mimi nikaenda kumshikia. Akapiga kamba ya chaki, akahesabu, akaandika ile ya katikati. R. Akaitazama. Akashuka.”

“Ile R,” alisema Nukta. Watoto wote wa mtaa waliijua R ile iliyokaa peke yake katikati ya ukuta wa baa msimu mzima, na walibuni hadithi zake.

“Ile. Alishuka akaniambia, mke wangu, nimejaribu. Hakunilaumu hata kidogo. Lakini kwa siku tano alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Ule mwingine aliuweka pajani kama wa mgonjwa. Siku ya sita nilipiga magoti nikamwambia nisamehe, sitauomba tena mkono wako jambo hilo. Akasema haya. Akala kwa mkono wa kulia.”

Nje wageni walikuwa wanapiga makofi kwenye kona ya mtu mwingine.

Nukta alisogea, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake, akamshika magoti. Alipoongea, aliongea taratibu, kama zamani alipokuwa anaomba kulala kitandani kwao. “Mama. Ulimwomba kwa ajili yangu. Kipindi kile alikuwepo wa kuumia. Sasa hayupo. Hizi ni herufi tu, zimo kwenye mashine. Yeye hazimgusi.”

“Hazimgusi yeye.”

“Sasa?”

“Mimi niliyeahidi nipo, mwanangu. Na ukuta wa kliniki upo. Mama anapeleka mtoto chanjo kwa sababu maandishi yale yalimwambia bure, na ilikuwa bure kweli. Kesho maandishi yaleyale yatamwambia mumewe abeti. Atayaamini. Yule kijana kule ukumbini amesema mwenyewe kwamba wanayaamini. Wananunua hicho.”

“Mwaka mzima, mama. Wenzangu wote wataondoka. Nitakaa darasani na watoto.”

“Najua.”

“Kazi hii niliifanya kwa kumpenda.”

“Najua hilo pia. Tuliifanya wote.” Mkono wake ulipita kichwani kwa binti, ukashuka mpaka shavuni, ukatulia hapo. Uchungu wa mwana ulimshika tumboni palepale ulipomshika siku ya kumzaa. Alimwomba Mungu kimoyomoyo amwonyeshe mlango wa tatu. Alisubiri. Ofisi ile ilikuwa na mlango mmoja.

“Nitafua,” alisema. “Nguo za watu haziachi kuchafuka. Utarudia huo mwaka, na mimi nitafua.”

“Usisaini, mama. Nakuomba.”

Mama Brashi aliivuta karatasi. Aliisoma kwa kidole mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu hata la kumuumiza hakuwa mtu wa kulisaini gizani. Mwalimu alimpa kalamu. Akaandika jina lake kwa mwandiko wa duara wa darasa la saba, herufi moja moja, akaweka na tarehe. Kisha akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Nukta alikuwa bado amechuchumaa. Alikuwa analia bila sauti, na alipoinuka hakufuta uso.

“Hata kaburini,” alisema, “baba bado ananivua viatu.”

“Usiseme hivyo, mwanangu.”

Mama Brashi alinyoosha mkono kutaka kumshika binti yake kwenye kiwiko, pale alipokuwa anamshika akiwa mdogo wakivuka barabara. Nukta alikwepa kidogo tu, bila hasira, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Alichukua mkoba wake kwenye kabati la mafaili, akaufunga zipu mpaka mwisho, akapita nyuma ya kiti cha mama yake, akatoka.